Kutoka Holili Hadi Soni kwa Baiskeli

(Hotuba iliyosomwa bwaloni siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapishwa kama ilivyosomwa.)

 

Katibu wa chama chetu aliponiandikia alinitaka nizungumzie "Nafasi ya Mtumishi wa Umma katika Maendeleo ya Mkoa". Nilikubali kwa heshima. Nikakaa mezani jioni tatu mfululizo, na kila nilipofika ukurasa wa pili usingizi ukanichukua. Nikajiambia kwamba ikiwa mwandishi mwenyewe analala, wasikilizaji waliotoka kula pilau watakuwa katika hali gani? Kwa hiyo namwomba radhi Ndugu Katibu. Leo nitazungumza juu ya baiskeli, na juu ya njia ya milimani inayoelekea pwani, na ndani ya habari hizo mna deni langu moja ambalo nataka kulilipa mbele yenu. Aliyenidai yumo humu ukumbini na amenipa ruhusa nilitaje deni, lakini jina lake amenikataza. Wale tuliosoma pamoja watamjua. Nawaombeni msigeuke kumtazama.

Kazi imenipeleka Holili, pale mpakani. Mtu akisimama Holili asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajashuka, humwona Mawenzi yuko mbele na Kibo nyuma yake, kinyume cha sisi tuliozoea kuwatazama kutoka Moshi. Mashariki, kilomita chache tu, ni Taveta. Kusini kuna milima ya Upare wa Kaskazini, rangi ya buluu, imejipanga kama ng'ombe waliolala. Na katikati ya hayo yote ni barabara, na barabarani, miaka yote, baiskeli.

Vijana wa leo mkisikia neno "bodaboda" mnafikiri pikipiki. Lakini jina hilo lilianza kwa baiskeli, kule Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, ambako wenye baiskeli walikuwa wakiwavusha abiria na mizigo yao kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, huku wakiita "border, border" mpaka watu wakalifanya kuwa Kiswahili. Kwetu Holili jina lilichelewa kufika, lakini kazi ilikuwepo. Mkungu wa ndizi, gunia la mahindi, kikapu cha vitunguu, bibi anayekwenda kumwona binti yake aliyeolewa Taveta, vyote vilipanda kwenye keria.

Mwezi Februari 1977 mpaka huu ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ikiwa inavunjika, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mimi nilizaliwa katikati ya miaka ile. Marehemu baba yangu alikuwa akisimulia jinsi sabuni na sukari zilivyoadimika, na jinsi usiku wa giza ulivyokuwa ukisikia mnyororo wa baiskeli ukilia vichakani ilhali taa huioni. Mtu aliyejua njia hakuwasha taa. Msiniulize kama mzee naye alizijua njia hizo. Mimi ni mtumishi wa serikali na yeye ni marehemu.

Ninachoweza kuwaambia ni kwamba alikuwa na baiskeli ya Kichina, Phoenix, gurudumu inchi 28, nyeusi, yenye kengele kubwa na breki za fito. Palikuwa pia na Swala, baiskeli iliyotengenezwa hapa hapa nchini, Dar es Salaam, na kulikuwa na Raleigh kwa wenye mishahara. Lakini mzee alishikilia Phoenix yake. Aliitandika kitambaa cha kufumwa kwenye kiti, na kila Jumapili baada ya ibada aliifuta kwa mafuta ya taa. Baiskeli ile itarudi katika habari yangu, kwa hiyo ikumbukeni, hasa zile breki za fito.

Sasa niseme kidogo juu ya njia yenyewe. Milima yetu imejipanga kutoka Kilimanjaro kwenda baharini: kwanza Upare wa Kaskazini, kisha Upare wa Kusini, kisha Usambara wa Magharibi, na mwisho Usambara wa Mashariki ambao kutoka juu yake unainusa Tanga. Barabara kuu na reli hazikupanda hata mmoja wa milima hiyo. Zimepita chini, kwenye nyika, zikifuata miguu yao. Wajerumani walipojenga reli kutoka Tanga walifika Moshi mwaka 1911 bila ya kupanda mlima wa maana. Nao Waingereza, walipotaka kuingia huku wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walivuta reli yao kutoka Voi kwenda Taveta, na mwezi Machi 1916 wakapigana usiku kucha kwa ajili ya kilango kilichoko baina ya vilima viwili vidogo, Latema na Reata, ambavyo hata leo abiria wa basi huvipita akiwa anamenya chungwa. Mwezi mmoja kabla, pale Salaita, walikuwa wamerudishwa nyuma vibaya. Watu wengi walikufa kwa sababu ya vilima ambavyo mbuzi huvipanda bila kupumzika.

Basi mwendesha baiskeli anayetoka Holili kwenda pwani anaweza kukaa nyikani siku tatu na asipande chochote. Lakini atakuwa ameona nini? Vijiji vyenye maji, migomba, hewa ya baridi na watu wengi viko juu, na kila kijiji cha namna hiyo kina barabara yake inayojipinda kutoka nyikani. Mwanga unapanda kwenda Usangi na Ugweno. Himo unapanda kwenda Marangu, na kutoka Marangu unaweza kuzunguka mabega ya mlima kupitia Mwika na Mkuu hadi Tarakea. Mombo unapanda kwenda Soni na Lushoto. Hizi ndizo njia za milimani ninazozisema, na mtu aliyezipita kwa gari tu nasema hajazipita.

Wenzetu wa nje wameufanya mchezo wa kupanda milima kwa baiskeli kuwa jambo kubwa. Mashindano ya kuzunguka Ufaransa yalianza mwaka 1903, na tangu 1910, yalipopelekwa katika milima mirefu ya Pyrenees, mshindi kwa kawaida hupatikana kwenye mpando. Huku kwetu mwishoni mwa 1984 binamu wawili wa Kiingereza, Nicholas na Richard Crane, walipanda Kilimanjaro na baiskeli zao mpaka Uhuru. Walipoweza kuendesha waliendesha, na waliposhindwa walizibeba mabegani. Nilipokuwa mdogo wazee wa Marangu walikuwa bado wanalizungumza jambo hilo kwa huruma, kwamba wazungu wale pengine hawakuwa na mtu wa kuwashauri.

Lakini siku hizi si mchezo wa wazungu peke yao. Chris Froome, aliyeshinda mashindano ya Ufaransa mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi, na akiwa kijana alijifunza kwa kumfuata Mkenya, David Kinjah, katika vilima vya Kikuyu. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano hayo, akashinda tatu, akarudi na fulana ya kijani. Na mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika. Siku ya mwisho wanaume walikwenda zaidi ya kilomita 260 wakizunguka vilima vya mji ule, na ukijumlisha mipando yote walipanda zaidi ya mita 5,000. Ni kama mtu aanzie ufukoni Tanga apande karibu na kilele cha mlima wetu, kwa siku moja. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Mimi nilitazama kwa televisheni pale Holili pamoja na madereva wa malori waliokuwa wakingojea karatasi zao, na dereva mmoja aliuliza kwa nini watu wale hawapewi pikipiki.

Sasa nije kwenye deni.

Mwaka 1996 nilikuwa Kidato cha Tatu. Mnakumbuka sheria za wakati ule. Mwanafunzi aliruhusiwa kuja na baiskeli kama ana barua ya mzazi, lakini kupakizana kulikatazwa kabisa, na aliyeshika usukani ndiye aliyewajibika. Jumamosi moja ya mwezi Aprili mimi na mwenzangu tulipewa ruhusa kwenda kwetu Marangu kuchukua sehemu ya karo iliyokuwa imebaki. Mama akatufungashia mkungu mdogo wa ndizi na chupa ya maziwa. Mzee hakuwepo. Phoenix ilikuwa imeegemea ghala. Tulitakiwa shuleni kabla ya saa kumi na mbili jioni na mvua ya masika ilikuwa imeanza, magari hayaonekani. Nikaichukua bila ya kuuliza. Mimi nikashika usukani, mwenzangu akakaa kwenye keria, ndizi mapajani.

Kutoka Marangu Mtoni kuteremka Himo ni kama kilomita kumi na mbili, na ndani ya kilomita hizo unashuka zaidi ya mita 400. Wale wa mchepuo wa sayansi wanaweza kuhesabu. Vijana wawili, baiskeli na ndizi, tuseme kilo 130. Kama nguvu yote ya mteremko ule ingezuiwa na breki peke yake, ingetoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Na breki zenyewe ni nini? Vipande vinne vya mpira, kila kimoja urefu wa kidole, vinavyovutwa na fito vikashike rimu ya chuma iliyong'arishwa. Rimu ikiwa kavu vinashika. Rimu ikilowa, mpira unateleza juu ya chuma kama sabuni.

Sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba mwanzoni tulikuwa tunacheka. Tulipita watu wakijikinga mvua kwa majani ya migomba, mwenzangu akiwapungia mkono. Baadaye nikavuta breki na baiskeli haikusikia. Nikavuta kwa nguvu zaidi. Nikamwambia mwenzangu ateremshe miguu aburute viatu. Akafanya, kiatu kimoja kikatoka. Mbele palikuwa na kona na kalvati. Nakumbuka jambo moja tu kabla ya kuanguka, kwamba yeye hakupiga kelele. Aliniambia kwa sauti ya kawaida, "Shika kushoto, bwana." Nikashika kulia.

Mimi nilichubuka mikono. Yeye goti lake la kushoto liligonga ukingo wa kalvati. Watu wema wakamtoa, wakasimamisha gari la mizigo, akapelekwa hospitali. Mimi nikaisukuma Phoenix iliyopinda rimu hadi shuleni, nikafika usiku.

Mwalimu wa zamu aliniuliza swali moja: nani alikuwa anaendesha?

Ndugu zangu, nimekuwa mtumishi wa serikali zaidi ya miaka ishirini. Nimekaa upande ule wa meza ambao mtu huuliza maswali, na nimeona watu wakiyafikiria majibu yao kabla ya kuyatoa. Mimi sikufikiria hata kidogo. Nilijibu mara moja, kana kwamba jibu lilikuwa limeandaliwa siku nyingi. Nikasema ni yeye.

Likaandikwa katika daftari. Akiwa bado kitandani hospitalini akasimamishwa masomo kwa kukiuka sheria na kuhatarisha maisha ya mwenzake, yaani maisha yangu. Barua ikaenda kwa wafadhili waliokuwa wakimlipia karo, maana baba yake alikuwa amekwisha fariki. Nao wakaacha kumlipia. Mama yake akauza ng'ombe mmoja, kisha wa pili. Alirudi shuleni na magongo mwaka uliofuata, akarudia Kidato cha Tatu. Mimi nikamaliza 1997, yeye 1998. Mimi nikaenda Kidato cha Tano na hatimaye Chuo Kikuu. Yeye alifaulu vema, lakini ng'ombe walikuwa wamekwisha. Akaenda kujifunza ufundi wa mashine, na leo ana karakana yake Himo, anatengeneza pampu za maji, mashine za kusaga na baiskeli. Wengi wenu mmewahi kumpelekea kazi.

Na katika mwaka ule mmoja tuliokuwa shuleni pamoja baada ya ajali, yeye nyuma yangu kidato kimoja, hakuniuliza lolote. Tulisalimiana. Tulikula meza moja. Nikajidanganya kwamba labda hajui, au amesahau.

Miaka ikapita. Nilipohamishiwa Holili nikawa napita karakana yake. Nikaona ana baiskeli ya ajabu kidogo. Mkono wa pedali ya kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Akanieleza kwamba goti lake halikunji mpaka mwisho, na pedali ya kawaida ikija juu inalilazimisha likunje zaidi ya uwezo wake, kwa hiyo alikata mkono wa pedali na kuuchoma upya, duara likawa dogo. Kwa namna hiyo anaweza kuendesha siku nzima, ilhali kutembea kilomita mbili kunamchosha. Akasema, "Baiskeli ndiyo mguu wangu." Nilicheka kwa adabu. Usiku ule sikulala vizuri.

Mwezi Juni mwaka 2025 akanipigia simu. Alikuwa hajawahi kuiona bahari na alitaka kwenda kuiona kwa baiskeli, akipitia Lushoto. Alitaka mtu wa kufuatana naye. Mimi nina kitambi, mnakiona. Lakini sikuweza kukataa, na nadhani mnaelewa kwa nini.

Tulianza Holili siku ya kwanza ya likizo yangu, mwezi Julai, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alinitengenezea baiskeli yenye gia, maana alisema Phoenix ni ya kumbukumbu, si ya milima. Mpaka Himo mambo yalikuwa rahisi. Tulipogeuka kusini kuelekea Mwanga tukakutana na jambo ambalo hakuna kitabu kilichonionya, nalo ni upepo. Mwezi wa Julai Kusi inavuma kutoka baharini, na njia yote ya kwenda pwani unaipokea usoni. Mlima una mwisho wake, na ukifika juu unaona ulikotoka. Upepo hauna kilele. Unakanyaga kutwa nzima na milima ya Upare iko pale pale kushoto kwako. Alinifundisha nikae nyuma yake, gurudumu langu karibu na lake, ili mwili wake unikinge. Nilijificha nyuma ya mgongo wake kutoka Kifaru mpaka Same. Nililitambua jambo hilo wakati ule ule, wala sihitaji kuwaeleza.

Tulilala Same. Siku ya pili tukapita Makanya, Hedaru, Mkomazi, Mazinde, mkonge pande zote, malori yakitupungia honi. Napita haraka hapa maana na mwili wangu ulitaka kupita haraka. Jioni tukawa Mombo.

Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33, na unapanda karibu mita 1,000. Ukigawanya utaona kwamba kwa kila mita mia moja unapanda tatu. Lakini wastani ni mwongo mkubwa. Barabara ile, ambayo Wajerumani waliifungua walipokuwa wakiuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, inaingia kwenye korongo la mto na kujikunja ukutani kwa kona moja baada ya nyingine, na ziko sehemu unazopanda kama ngazi. Chini joto la nyikani, mibuyu, vumbi. Baada ya saa moja hewa inabadilika. Baada ya saa mbili unaona mikaratusi na mashamba ya kabichi yaliyoning'inia juu ya jabali, na watoto wanakimbia kando yako wakiuliza unakwenda wapi na kwa nini hukupanda basi. Swali zuri sana. Malori ya mboga yanateremka, na dereva akikuona anapunguza mwendo, si kwa hofu bali apate kutazama vizuri.

Mwenzangu alipanda kwa mwendo mmoja. Hakuharakisha na hakusimama. Kila baada ya kona mbili tatu nilimwona juu yangu, upande wa pili wa korongo, mguu wake wa kushoto ukizunguka duara dogo na wa kulia duara kubwa. Mimi niliendesha, nikasukuma, nikaendesha tena, na kwa mara ya kwanza maishani nikatapika kwa sababu ya mazoezi. Alinisubiri Soni, karibu na maporomoko, mezani kwa mama mmoja anayeuza chai na mihogo, chai yangu ikiwa imekwisha mwagwa kikombeni.

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Holili. Siku mbili nzima nyuma ya mgongo wake nilikuwa nayapanga. Nilipoketi yote yakatoka kichwani. Nikasema tu, "Siku ile ya Marangu nilimwambia mwalimu kwamba wewe ndiye uliyekuwa unaendesha."

Akavunja kipande cha muhogo. Akasema, "Najua. Mwalimu alikuja hospitali na daftari akanisomea, akaniuliza kama ni kweli."

"Ukajibu nini?"

"Nikasema ni kweli."

Nikamwuliza kwa nini. Akanyamaza muda, mpaka nikafikiri hatajibu. Kisha akasema kwamba mguu ulikuwa wake na ulikuwa umekwisha vunjika, na kwamba kufukuzwa watu wawili hakungeuunga. Akasema pia, na haya nayasema kwa sababu aliniruhusu, kwamba alikuwa na miaka kumi na saba na alidhani ningesema mwenyewe kesho yake. Baadaye alidhani wiki ijayo. Mwaka 1998 akaacha kudhani.

Sikuwa na la kusema, na yeye hakunisaidia. Tulimaliza chai. Akakagua breki zangu, akakaza waya mmoja, akanilipia muhogo, tukaendelea hadi Lushoto.

Kesho yake tuliteremka. Wadogo zangu, hapa sikilizeni maana ni maneno ya fundi. Kabla ya mteremko, simama. Tazama mpira wa breki kama haujaisha, na waya kama haujakatika nyuzi. Usikae na breki umezivuta njia nzima, zitachemka. Vuta kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia, upepo uzipoze. Breki zote mbili, siyo ya mbele peke yake. Rimu ikilowa, zivute mapema zaidi ya unavyodhani, ili zijifute kwanza. Na usimpakize mtu. Alinitanguliza yeye akakaa nyuma, akisema anataka kuona mikono yangu. Kila kona nilisikia sauti yake ile ile, si kubwa: "Kushoto, bwana. Sasa achia." Nilifika Mombo nimelowa jasho kuliko siku ya kupanda.

Kutoka Mombo mpaka Tanga, kilomita zaidi ya 130 kwa siku mbili, sitasimulia. Bahari aliiona. Alivua viatu, akaingia mpaka magotini, akaonja maji kwa kidole, akasema ni kweli yana chumvi, akataka turudi akatafute chakula.

Ndugu Mkuu wa Shule, nimebakiwa na ombi moja, na mwenzangu hapendi niliseme, lakini hapa nimemkaidi. Nimeambiwa kwamba madaftari ya adhabu ya miaka ile hayakutupwa, yamo katika kabati la stoo nyuma ya ofisi ya taaluma. Naomba lile la mwaka 1996 litafutwe. Mwezi wa Aprili mtakuta jina la mwanafunzi aliyesimamishwa kwa kumpakiza mwenzake kwenye baiskeli. Naomba jina lile lipigwe mstari kwa wino, na pembeni liandikwe langu, na tarehe ya leo, nami nitie sahihi. Kama sheria za shule haziruhusu kusahihisha daftari la zamani, basi naomba hotuba hii ibandikwe kwenye ukurasa ule.

Wafadhili wale nimekwisha waandikia. Bado hawajajibu.

Mwisho kabisa, kuna baiskeli mbili zimeegemezwa ukutani nje ya bwalo. Moja ina pedali fupi upande wa kushoto. Wanafunzi wanaotaka kujifunza kubadili gia au kuziba pancha wamwone mwenye hiyo, amekubali kubaki hadi saa kumi na moja. Na mwezi wa Julai, Mungu akipenda, tutapanda Usangi. Tutakutana karakana ya Himo saa kumi na mbili asubuhi. Njooni na maji ya kunywa.